Ami wa Bucha na Darubini

Nyama aliyoiuza hakuila. Miaka yote niliyosimama naye nyuma ya kaunta ya bucha yake pale Lozells, Uingereza, sikumwona hata siku moja akifunga paja la mbuzi kwenda nalo kwake. Chakula chake kilikuwa dagaa, muhogo, mchuzi wa kunde, na samaki akipatikana wa maana. Wateja walimtania: "Ami, nyama yako ina nini hata wewe mwenyewe huigusi?" Naye hujibu bila kuinua uso kutoka kwenye gogo la kukatia, "Mie nakula niliyoikimbilia." Aliyetaka maelezo zaidi alikuja kwangu, na mie nilimweleza kwa raha zangu zote, nisifiche. Kumjua mtu ambaye wengine wanamwogopa ni utamu, msinione.

Maelezo yenyewe ni haya. Nyama pekee iliyoingia kinywani mwake ilikuwa ya kulungu, mara moja kwa mwaka, na kulungu mwenyewe alimwinda Marekani. Binti yake aliolewa kule Michigan na kijana wa Kipemba, na huyo mkwewe alikuwa na nyumba karibu na msitu na vibali vyote vinavyotakiwa. Ikifika Novemba, Ami na mkewe wanapanda ndege, mie naachiwa funguo za bucha. Wakirudi, nyama hairudi nao, maana uwanja wa ndege hawapitishi. Kinachorudi ni hadithi. Nilimwonea wivu mpaka ini la yule mnyama, wallahi, namna alivyokuwa akisimulia walivyolikaanga kwa ndimu na pilipili manga huku nje baridi inauma masikio.

Na hakuwinda kwa bunduki. Aliwinda kwa bastola. Kule inaruhusiwa, hapa Uingereza bastola ya risasi hata kuiota ni kesi. Kwa hiyo mwaka mzima alifanya mazoezi kwa bastola ya upepo, ile inayotema kipande cha risasi kidogo kama punje ya mtama, uani kwake Bordesley Green. Ua wenyewe mwembamba kama ushoroba. Mwisho wa ua aliegemeza magodoro mawili ya zamani, mbele yake ubao, juu ya ubao karatasi ya kufungia nyama aliyoichora duara kwa kalamu. Jumapili baada ya adhuhuri, kama mvua haikunyesha sana, waliotaka kujifunza kwake walikuja. Na kila mwaka alirudia maneno yaleyale: "Iko siku nitamchukua mmoja wenu. Atakayestahiki." Nakwambieni ukweli, hakuna kitu nilichokitaka duniani wakati ule kama kuwa huyo mmoja.

Watu walimdhania mkali. Alikuwa mkali kweli, lakini si kwa mambo ambayo wao walidhania. Mteja akimtukana, anacheka. Mtu akimrudishia nyama, anabadilisha bila neno. Ukitaka kumwona amegeuka rangi, uweke kisu kichafu kwenye rafu au umwambie kwamba mnyama hasikii maumivu. Hapo atakuacha na nusu kilo yako mezani aende nyuma akatulie. Siku moja mwanafunzi mmoja wa chuo, mtoto wa Kitanzania mwenye miwani, alimwambia uwindaji ni mchezo wa wenye nafasi. Ami alimtazama, akamfungia kuku wake vizuri, akamwambia, "Mchezo ni ule ambao ukishindwa wewe ndiye unayeumia." Kisha akanigeukia mie: "Huyu mwongezee maini ya kuku, ananikumbusha ujinga wangu."

Imani yake kubwa ilikuwa ni hii: karibia. Sisi wengi wetu Mashafii, na alivyofundishwa yeye, mnyama aliyekufa kwa risasi kabla kisu hakijamfikia haliwi. Wako wanazuoni wenye maneno mengine, na vijana wa msikitini walimletea hayo maneno yaliyochapishwa kwenye karatasi. Hakubishana nao. "Wao wale, mie sijawakataza," alisema. Kwake yeye, unapiga kwa Bismillah, unaitupa bastola kwenye mkoba wake, unakimbia, na unamkuta mnyama bado ana roho, unamchinja. Sasa ukimpigia mbali, utamfikia saa ngapi? Ndiyo maana hakutaka darubini juu ya bastola. Alitaka vile vyuma viwili tu vya asili, kijino cha mbele na pengo la nyuma, ambavyo haviwezi kukusaidia kitu kama mnyama hayuko karibu kiasi cha kumsikia akitafuna.

"Darubini inakupa tamaa," alisema. "Inakwambia yule ni wako, na kumbe hata njia ya kumfikia huna."

Jinsi alivyofundisha ilikuwa kinyume na akili. Mtu yeyote akipewa bastola ataangalia anachotaka kukipiga. Ami alikataa. Jicho lina kazi moja, alisema, na hapa kuna vitu vitatu: pengo, kijino, na mnyama. Haliwezi kuviona vyote sawasawa. "Kiangalie kijino. Mnyama mwache awe ukungu." Nilichukua muda mrefu kulikubali hilo. Unapiga kitu usichokiona vizuri, kwa kuamini kitu kidogo kilicho mbele ya pua yako! Lakini nilipokubali, niliona duara la kalamu linatoboka katikati, mara moja, mara mbili, mara tatu, na Ami nyuma yangu kimya. Kimya chake kilikuwa ndiyo sifa. Wengine aliwaambia "vizuri, vizuri," kama anavyowaambia watoto. Mie aliniambia mara moja tu, siku hiyo, "Mwanangu, wewe una mkono." Nilirudi nyumbani kwa basi nikiwa na mashavu ya moto. Nilikuwa mwanamke mzima, mjane, nina binti sekondari anayenijibu kwa Kiingereza kila nikimsemesha Kiswahili, na nimefurahi kama niliyevishwa nguo ya Idi.

Jirani yake upande wa kulia alikuwa Singasinga wa Nairobi, fundi magari mstaafu, aliyependa kuchungulia juu ya uzio na kikombe chake cha chai. "Mzee, leo iko vita?" Ami anamjibu, "Vita na godoro." Singasinga huyo alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Baba yake, anasema, aliwinda Laikipia zamani, na yeye alimwona kwa macho yake akimkosa swala aliyesimama kama ng'ombe. "Kwa sababu gani? Macho! Mtu mzee nawekea darubini, hakuna aibu." Ami alicheka akamwambia darubini ni miwani ya waoga. Wakabishana hivyo mwaka baada ya mwaka, mie nikiwa upande wa Ami, nikimjibia hata pale ambapo yeye alikuwa ameshanyamaza.

Kujipinga alijipinga, nani asiyejipinga? Aliyefundisha watu kukaribia hakuwa mtu wa kukaribiwa. Mkewe aliniambia kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kumwona akilia, hata alipozikwa kaka yake. Aliyekataza haraka aliendesha gari kama anayefukuzwa. Aliwachukia mbwa, na bado mabaki ya mifupa aliyafunga kwenye gazeti akampelekea mbwa wa jirani wa upande wa pili, kila Ijumaa, akiyasukuma chini ya lango kwa mguu ili asimwone mbwa mwenyewe. Na yeye aliyesema hapendi kusifiwa, ukimsimulia mtu hadithi yake ya kulungu ukakosea kidogo, atatoka huko nyuma, mikono imejaa damu, aje kukusahihisha.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwaka ambao mkwewe alimshinda nguvu. Kijana wa watu, kwa nia njema, alimwazima bastola yake yenye darubini. Ami akampiga kulungu akiwa ng'ambo ya konde. Akakimbia, akatumbukia kwenye mtaro, akapoteza kiatu, alipofika mnyama ameshapoa. Na nyumbani bintiye alikuwa ameshawaita watu biriani! Nyama yote wakampa jirani wa mkwewe, Mmarekani mwenye ndevu, na biriani ikapikwa kwa kuku wa dukani. "Mwaka mzima sikula nyama," Ami alisema. "Kwa sababu ya kioo." Hadithi hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu. Nilijua kila kituo chake. Nilijua hata kiatu kilikuwa cha mguu gani.

Sasa nije kwa Nuru.

Nuru alikuwa binti wa Mombasa, mfamasia kwenye hospitali moja kubwa, anakaa Harborne, mwenye gari dogo jekundu na vidole vyembamba vya mtu ambaye hajawahi kuosha ndoo ya utumbo. Alikuja bucha siku moja kutafuta nyama ya mbuzi yenye mfupa, akamsikia Ami akisimulia, akabaki mpaka tunafunga. Jumapili iliyofuata yuko uani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mie sikupona.

Sina unafiki: binti alikuwa na adabu. Alinibusu mkono, akaniita dada. Aliposhika bastola, aliishika kama anayeshika chupa ya dawa, kwa ncha za vidole, na akapiga uzio wa Singasinga. Nilifurahi. Lakini Ami hakumkemea kama alivyonikemea mie nilipoanza. Alicheka! Alisimama nyuma yake, akamwelekeza taratibu, akamwambia "vizuri, vizuri." Nikasema moyoni, haya, mtoto mdogo, ataondoka. Hakuondoka. Akaja Jumapili ya pili, na ya tatu, na kila akija analeta kitu: mahamri, kashata, dawa ya magoti ya mkewe Ami. Tena akawa anamwita Ami, kama sisi. Ami kwa nani? Ami yake yuko Mombasa!

Kisha akaleta darubini.

Aliitoa kwenye boksi lake kama anayetoa mkufu. "Hebu angalia hapa ndani, Ami. Target imekuja karibu kabisa! Si ujaribu tu, mara moja?"

Nilingoja. Nilikuwa na uhakika wa kitakachofuata hata nikaanza kutabasamu. Singasinga naye alisogea kwenye uzio wake. Ami akaichukua ile darubini, akaigeuza, akaisugua kioo kwa ncha ya kanzu yake. Kisha akasema, "Ifunge."

"Ami!" nikasema mie.

"Tuone tu, mwanangu."

Nuru akaifunga juu ya bastola. Ami akainua, akachungulia muda mrefu kuliko kawaida yake, akapiga. Katikati. Akapiga tena. Katikati. Singasinga akapiga makofi mpaka chai ikamwagika. Nami nikasimama pale kama mke mkubwa kwenye harusi ya mke mdogo.

Nilipopewa zamu yangu niliikataa. Nikasema mie natumia kijino. Nilipiga kwa vyuma vya asili, na nilipiga vizuri, mashimo yangu yaligusana. Nikageuka kumtazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anamsikiliza Nuru akimweleza jinsi ya kuzungusha ile pete ya kioo. Hakuona.

Kuanzia hapo mambo yakaenda yanavyokwenda. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Darubini ikakaa juu ya bastola haishuki. Ami akaanza kuwa na maneno mapya: ati mzee ana haki ya kupumzika, ati teknolojia nayo ni neema. Nilimuuliza buchani, tunakata mkia wa ng'ombe, "Na kumkimbilia mnyama je? Na biriani ya kuku?" Akasema, "Nitakaribia nikiwa na darubini vilevile. Nani amesema lazima nipige mbali?" Nikamwambia yeye ndiye amesema. Akaendelea kukata. Siku zile alikuwa mvivu kwa mambo madogo. Aliniambia nimsomee tarehe kwenye maboksi, nimwangalie kama bega hili ni la kondoo au la mbuzi, na taa za bucha aliziwasha mchana kweupe. Mie nilihesabu yote hayo kuwa ni kiburi cha mtu aliyepata wa kumsifu.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mie nilikonda. Nilikuwa nikimwona Nuru anaingia, naenda kwenye friji kubwa najifanya napanga kuku. Binti yangu akaniuliza, "Mum, are you fighting with Uncle?" Nikamwambia kwani mie mtoto? Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Septemba, siku ya Ijumaa, bucha imejaa watu waliotoka kusali, Ami alilisema jambo lake mbele ya wote, huku anafuta kisu. "Mwaka huu Nuru anakuja nasi Michigan."

Nilikuwa napima nyama ya kusaga. Niliendelea kupima. Mteja akaniambia, "Bi mkubwa, imezidi hiyo," na kweli ilikuwa imezidi, mlima mzima juu ya mzani. Nuru alikuwa hayupo. Angekuwepo sijui ningefanya nini na ule mwiko wa kuchotea nyama.

Nilingoja mpaka watu wapungue. "Kwa nini yeye?"

"Ana likizo."

"Mie sina likizo? Wewe si ndiye unayenipa likizo?"

"Na bucha nimwachie nani?"

"Ami, yule hajui hata kushika. Umesema atakayestahiki. Mbele ya watu umesema!"

Akanyanyua macho. Nakumbuka alinitazama kidogo pembeni ya uso wangu, kama anazungumza na sikio langu, nikadhani anaona haya. "Wewe ndiye unayestahiki," alisema. "Yeye ndiye atakayekwenda." Kisha akaingia friji, akafunga mlango. Hebu niambieni, hilo ni jibu la kumpa mtu?

Novemba hiyo niliuza nyama kwa meno yaliyokazana. Kila siku nilimwona Nuru moyoni mwangu: amevaa lile koti la rangi ya machungwa wanalovaa wawindaji, amelala kwenye majani pembeni ya Ami, ananong'onezwa. Amepewa ini kipande cha kwanza. Anaikosea hadithi anapoisimulia, na hakuna wa kumsahihisha. Nilimwomba Mungu mambo ambayo sitayaandika.

Waliporudi, Nuru alikuja bucha peke yake. Nilimwambia, "Hongera kwa safari," na hongera yangu ilikuwa na miiba kama nanasi.

"Asante, dada. Kulikuwa na baridi sana."

"Mlipata?"

"Tulipata. Lakini hatukula."

"Kwa nini?"

Akaangalia chini. "Muulize Ami." Akanunua nusu kilo ya nyama, akaiacha juu ya kaunta, nikalazimika kumkimbilia nje nayo. Uani hakurudi tena. Wala Ami hakunieleza kitu. Hiyo ikanichoma zaidi. Safari nimenyimwa, sasa nanyimwa hata hadithi! Wao wana siri, mie nina funguo za friji. Magodoro yakaondolewa uani. Mwaka uliofuata Ami hakwenda Michigan. Bintiye ndiye aliyekuja huku. Halafu bucha ikauzwa kwa vijana wawili wa Kikongo, watu wazuri, nikabaki nao miezi michache, nikapata kazi jikoni kwenye shule, na Ami nikawa namwona Idi mpaka Idi. Tulisalimiana vizuri. Watu wawili wenye adabu wanaweza kusalimiana vizuri hata mwisho wa dunia.

Mara ya mwisho kukaa naye hasa ilikuwa siku moja ya kiangazi, mkewe alipompigia simu binti yangu akisema mzee ananiulizia. Nikaenda na dagaa, nilikuwa nimewapata wazuri. Alikuwa amekaa jikoni, mkono mmoja umegusa ukingo wa meza. Nilipoingia hakugeuka mpaka niliposema salaam.

"Kaa, mwanangu. Umeleta dagaa. Nawasikia harufu."

Nikakaa. Mkewe akatuwekea chai akatoka. Ndipo nilipoona kwamba anakipapasa kikombe kabla ya kukishika. Presha ya macho, akaniambia. Ilianza zamani, enzi za bucha. Alijitibu kimyakimya, dawa za matone, hospitali anayofanya kazi Nuru, na Nuru alimkuta huko kwenye foleni, akaapishwa asimwambie mtu. Darubini ilikuwa ni fikra ya Nuru. Mzee kijino hakioni tena: pengo ukungu, kijino ukungu, mnyama ukungu. Ndani ya kioo angalau alikuwa na kitu kimoja tu cha kukitafuta.

Nilitaka kusema pole. Nilisema, "Na kulungu je?"

Akacheka kidogo. "Nilimpiga vibaya. Jua lilikuwa linakwenda, theluji imeanza. Kwenye kioo niliona kijivu juu ya kijivu. Nikangoja kijivu kimoja kitembee. Kikatembea, nikapiga. Nikampata pajani."

"Pajani!"

"Pajani. Akakimbia, akaanguka mwisho wa konde. Miguu yangu haikimbii tena gizani. Nikampa Nuru kisu, nikamwambia kimbia, mwanangu, sema Bismillah, mchinje. Akakimbia. Alifika, mnyama yuko hai, anamtazama. Hakuweza. Nilipofika nilimkuta amepiga magoti, kisu mkononi, analia, na mnyama keshakufa."

Nilivyo mie, nimechinja kuku wa nyumba nzima kule Unguja wanaume wakiwa kazini, na Ami alilijua hilo vizuri.

"Ningekuwa mie ningemchinja."

"Ungemchinja."

"Ungekula nyama yako."

"Ningekula."

"Basi mbona hukunichukua?" Sauti ilinitoka kubwa, nikamsikia mkewe amesimama ukumbini. "Miaka yote ile, Ami! Nani alikujua kuliko mie?"

Hakukasirika. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu ilikotoka. "Nuru alijua macho yanaumwa, lakini aliniona nikiinua bastola, akadhani ndivyo inavyoinuliwa. Wewe ungeona namna mkono ulivyopanda tu, kabla sijagusa kifyatuo, ungejua kuwa sioni. Na ungeniambia, Ami, weka chini."

"Ningekwambia."

"Na ningeweka." Akakipapasa kikombe chake. "Nilitaka mara moja zaidi, mwanangu. Nikamchukua asiyejua."

Mtu mwenye moyo mzuri angefarijika hapo. Nimeambiwa kwa kinywa chake kwamba mie ndiye niliyekuwa naogopwa, ndiye niliyekuwa na neno ambalo lingemshusha mkono. Nilitafuta faraja hiyo ndani yangu na sikuiona. Nilichokiona ni konde jeupe, na wale wawili.

"Ulimgombeza?" nikamuuliza.

"Nani, Nuru? La. Nilikaa chini naye kwenye theluji."

"Mkafanya nini?"

"Tukalia," Ami akasema. "Wote wawili. Mpaka mkwe wangu akaja na tochi."

Nikasukuma kikombe changu mbali. Ini la kulungu nililomdhania kalila nilikuwa tayari kumsamehe Nuru, na ndege, na ile Ijumaa ya mzani. Lakini hilo la kukaa naye chini akilia lilikuwa langu, na mtu mwingine alishalichukua.

"Umekasirika?" akauliza.

"Ndiyo, Ami," nikamwambia, na sikuondoka.